Ngoma Isiyosikika Kwenye Santuri Yetu

Siku isiyonitoka kichwani, mwanangu, hata nikifumba macho, ilikuwa Jumanne ya jua kali. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, suruali ya bugaluu iliyopanuka miguuni, viatu vya raizoni vyenye soli nene kama tofali, na mdomo wa bata mkononi. Ndivyo tulivyoiita saksafoni, kwa sababu ya lile domo lake. Siku hiyo bendi yetu, Kizinga Jazz ya Temeke, ilikuwa inakwenda kurekodi santuri yake ya kwanza. Na siku hiyohiyo, kabla hata ya adhuhuri, nilifanya jambo ambalo nimelificha mpaka mvi zimejaa kichwa kizima. Leo nalitoa. Atakayeudhika na audhike.

Nalitoa kwa sababu nyie vijana mmeanza kununua santuri tena. Nawaona. Mnakuja mpaka hapa kwangu Mbagala, wengine mmetoka Kimara huko, jasho linawatiririka. "Shikamoo babu." "Marahaba." Na kabla hamjakaa vizuri mmeshachomoa santuri mpya kwenye mfuko: eti bendi fulani ya zamani, imechapwa upya ng'ambo, kava linang'aa, babu tuandikie jina lako hapa. Mie naandika. Nafurahi pia, nisiwe mnafiki. Kwa miaka mingi muziki wetu umeitwa zilipendwa, neno ambalo likitajwa mbele yangu nasonya. Zilipendwa na nani, na huyo aliacha kupenda lini? Alikuja kuaga? Juzi kijana mmoja mwenye miwani akaniuliza kama ile yetu ilikuwa jazi kweli au lilikuwa jina tu. Nikamwambia, baba, ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye dramu kubwa, na hakuna polisi aliyekuja kuifuta. Nyie leo mnaita fyusheni. Sie tulikuwa tunachanganya tu, saksafoni ya mjini na ngoma ya kwetu kusini, na tukiona watu wamecheza mpaka soli za viatu zimebanduka tunajua tumechanganya vizuri.

Lakini nisikimbie. Mzee akianza kuusifia ujana wake, ujue kuna mahali anapakwepa.

Nianze na mjomba. Mjomba Nandonde alikuwa kaka wa mama yangu, tumbo moja. Kwetu sie watu wa Newala, mjomba si mtu wa kumpelekea salamu za Idi tu. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenileta Dar es Salaam, akanilaza chumba kimoja na wanawe kule Tandika, na ndiye aliyenitafutia mdomo wa bata wangu wa kwanza, mkuukuu, vifuniko vyake vingine vimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mchana alikuwa kuli bandarini, jioni mpiga ngoma. Usoni alikuwa na chale, zile za kizamani za Kimakonde, mistari kwenye mashavu na kwenye paji la uso, na watoto wa Temeke walikuwa wakimkodolea macho. Yeye anawachekea tu. Mie nilikuwa nakufa kwa aibu. Miaka ile Mmakonde mjini alikuwa mtu wa kutaniwa toka asubuhi mpaka jua linazama, nami nilishajifunza kusema kama mtoto wa Kariakoo. Nikiulizwa kwetu wapi, najibu, "Hapahapa."

Wimbo uliotupa jina, "Taa za Magomeni," ulitokana na ngoma yake. Tulikuwa mazoezini siku hiyo, tumekwama, gitaa linazunguka palepale kama ng'ombe wa kukamua ufuta. Mjomba alikuwa amekaa pembeni ananisubiri. Akavuta ngoma yake, akapiga mapigo saba: matatu mazito, manne mepesi ya haraka. Kiongozi wa bendi akasema, rudia mzee wangu. Akarudia. Basi wimbo ukajengwa hapo. Vyombo vyote vinakata kwa pamoja, ngoma ya mjomba inasema peke yake mapigo yake saba, kisha sie tunaingia kwa nguvu. Mara nne wimbo mzima unasimama hivyo kumpisha. Tulifanya mazoezi miezi miwili, hata ungetuamsha usingizini tungeupiga bila kukosea.

Sasa Jumanne hiyo. Studio ilikuwa ndogo, nyuma ya maduka mjini, na fundi wake alikuwa bwana mmoja wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola imesimama yenyewe. Tukaingiza vyombo. Mjomba akaijaribu ngoma yake kwa vidole, akatikisa kichwa. Mvua ya juzi yake ilikuwa imelegeza ngozi. Ngoma yetu, mwanangu, haikazwi kwa spana. Inapashwa moto, ngozi ikipata joto inakaza na sauti inapanda. Jambo hilo kwetu hata mtoto analijua kama anavyojua kunawa uso. Mjomba akatoka nje, akaokota maboksi na vipande vya mbao, akachuchumaa palepale mlangoni kwenye sakafu ya saruji, akawasha moto.

Moshi ukaingia studio. Fundi akaruka kama mtu aliyeingiwa na siafu, akatoka mbio, mie nyuma yake. Tukamkuta mjomba kakunja msuli wake, lile shuka la kiunoni, anaigeuza ngoma juu ya moto huku anaimba kwa sauti ya chini. Watu wa maduka ya jirani walishatoka kutazama. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, Wamakonde wamehamia mjini na jiko lao!" Kicheko kikapasuka.

Fundi akanigeukia. "Huyu mzee ni wenu?"

Swali jepesi kabisa hilo. Jibu lake neno moja. Mie nikawatazama wale waliokuwa wanacheka, nikazitazama chale za mjomba, nikatazama raizoni zangu mpya. Nikasema, "Hapana. Huyo katubebea vyombo tu."

Mjomba hakuinua kichwa. Mikono yake iliyokuwa inaigeuza ngoma ilisimama, basi. Fundi akasema, "Kama ni hivyo azime moto wake, akae hukohuko nje." Akafunga mlango.

Ndani wenzangu wakauliza, mjomba yuko wapi? Nikawaambia fundi amemkatalia. Uongo wa pili huo, na robo saa haijapita. Wakataka kwenda kubishana, fundi akasema hana muda, kuna kwaya inasubiri, kama tunapiga tupige. Tukapiga. Tulipofika pale pa kumpisha mjomba, tukakata kwa mazoea. Hatukuwa na akili ya kubadilisha chochote. Tukahesabu saba kwa vichwa huku tunatazamana, ngoma haipo, tukaingia. Tukafanya hivyo mara zote nne. Nilidhani fundi atatukatiza. Wapi! Alitoka kwenye kichumba chake cha vioo amekenua meno yote. "Hapo pa kunyamaza! Nani kawafundisha? Hapo ni pa kisasa!"

Tulipotoka, moto umeshazimwa, mjomba kakaa kwenye ngazi na ngoma yake miguuni. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na spika kubwa kichwani. Nikamkimbilia, "Mjomba acha, tutabeba wenyewe." Akasema, "Si nimekuja kubeba? Nipishe nipite." Akabeba vyombo vyote mpaka kwenye gari, kimoja kimoja, mbele ya walewale wa maduka, na ngoma yake akaibeba ya mwisho.

Asubuhi yake nilikwenda kumpigia magoti. Alikuwa anakunywa uji. Nikamwambia, "Mjomba nisamehe, nilipitiwa."

Akakiweka kikombe chini. "Mie hukunikana mie. Mie na mama yako tumbo moja. Uliyemkana pale mlangoni ni mama yako. Mkataa kwao mtumwa, Selemani."

Nikalia, nikaapa, nikashika miguu yake. Akaniacha nilie mpaka nikachoka, halafu akasema maneno ambayo nimekuwa nayakimbia tangu siku ile. "Samahani ya chumbani siitaki. Ulinikana mbele za watu. Nenda ukaseme mbele za watu."

Nikaahidi. Jumapili ile tulikuwa na bugi, dansi la mchana, na ukumbi ulifurika mpaka watu wanachungulia madirishani. Tulipomaliza wimbo wa tatu nikashika maikrofoni. Mjomba alikuwa amesimama karibu na mlango, kavaa shati lake la Idi. Alikuja kusikia. Nikafungua mdomo, nikaona wasichana wa Ilala wako mstari wa mbele, nikasema, "Asanteni mashabiki wetu, burudani inaendelea." Nilipotazama tena mlangoni, hayupo.

Hakukanyaga tena ukumbi wetu mpaka anafariki, miaka mitatu baadaye. Nyumbani alinipokea kama kawaida. Karibu mwanangu, umekula? Mgongo wangu huu unanisumbua, nyie mnaendeleaje huko? Angenitukana ningepona. Wema wake ndio ulionichoma, maana kila nilipokula wali wake nilijua anasubiri, na kila nilipoondoka nilijua sijasema.

Na santuri, ole wangu, ikavuma. Watu wakaitungia mchezo wake: pale pa kimya unaganda na mguu mmoja juu, tukiingia unaushusha kwa kishindo. Wakauita Ganda Kwanza. Fikiria ukumbi mzima, watu mamia, wamesimama mguu mmoja, wanacheka wasianguke, na mie jukwaani najua wanamsubiri nani. Mtangazaji mmoja akanihoji, ule ukimya niliutoa wapi? Mjomba alikuwa ameshazikwa. Nikajibu, "Niliubuni mwenyewe." Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha uzeeni, kwa hiyo usitegemee njia iwe fupi, tegemea tu kwamba utachoka.

Mwaka huu, mara baada ya mfungo, akanijia binti mmoja anaitwa Leila, mtoto wa Kinondoni, adabu zake zote. Kuna kampuni ya nje inataka kuichapa upya santuri ya Kizinga Jazz, na kazi ya Leila ni kuwatafuta wazee, kuwapiga picha na kuwapa karatasi wasaini. Katika wale waliopiga siku ile nimebaki mie peke yangu. Nikamkaribisha chai. Akanifungulia karatasi yenye maneno ya nyuma ya kava, ya Kizungu, akanisomea kwa Kiswahili taratibu. Eti ukimya wa Kizinga Jazz, uliobuniwa na kijana Selemani, ni ujasiri uliotangulia wakati wake. Eti wajuzi wa jazi wa nchi mbalimbali wanaustaajabia. Kuna mistari sita kuhusu ukimya tu, mwanangu. Nimeihesabu.

Alikuwa amekuja na mpiga picha. Huyo naye akaniomba nivue viatu, nikae chini karibu na ukuta wa jirani uliobomoka, picha ipate uhalisia. Nikamwambia, sikiliza bwana. Ujanani nilivaa viatu virefu nisionekane mshamba, nikamwuza mjomba wangu kwa ajili hiyo. Leo unataka nivue viatu nionekane mshamba, ili niuze santuri? Nimekataa. Mie nina kochi ndani, nina viatu, nina suti ya harusi ya mwanangu. Akacheka, akadhani natania. Leila yeye hakucheka, akauliza, "Babu, mjomba gani?"

Hapo nikajua ndiyo hivyo, imefika. Nikamweleza yote, kuanzia moto mpaka bugi. Alikuwa wa kwanza kuambiwa duniani. Chai yake ikapoa. Akafuta macho na mtandio, akasema, "Daah, babu." Kisha nikaona anatafuta maneno ya kunivunja moyo kwa heshima.

"Babu, ishu ni kwamba, huo ukimya ndio unaouza. Watu wanaitafuta hii santuri kwa ajili ya huo ukimya. Tukiandika kwamba ilikuwa bahati mbaya..."

"Ukimya gani?" nikamwambia, na sauti yangu ilipanda mpaka mke wangu akachungulia. "Huo si ukimya, huo ni mjomba wangu! Mtu mzima, ana jina, ana watoto! Na wala haikuwa bahati mbaya, nilifanya mie kwa mdomo wangu."

"Sasa unataka waandike nini?"

"Waandike kwamba pale paliponyamaza ni pa Nandonde, mpiga ngoma wa Newala, na kwamba Selemani mtoto wa dada yake alimkana mlangoni. Wakiandika hivyo nasaini, hata bila ya senti moja. Wasipoandika sisaini."

Akasema atawapelekea. Alipoondoka mke wangu akaniambia, "Na Somoe je? Utataka asome kwenye kava?" Mke wangu akisema, huwa nimeshindwa tayari.

Somoe ni binti wa mjomba. Yuko Mwenge miaka yote, kwenye soko la vinyago. Wanawe wanachonga, yeye anapiga msasa na kuuza, na ulimi wake unakata kuliko patasi zao. Mie na yeye ni watani toka utotoni. Aliponiona akaanza, "Haya, mwanajazi kaja, ondoeni vinyago msivunjiwe na raizoni!" Mie sikucheka. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote, mbele ya wanawe na wachongaji wawili wa jirani. Nilitaka wasikie.

Aliacha kupiga msasa. Kisha akasema, "Baba alituambia aliharisha."

"Nini?"

"Siku ya santuri. Tulimuuliza, baba mbona ngoma yako haisikiki? Akasema tumbo lilimvuruga, akashinda chooni mpaka nyie mkamaliza. Mama alimcheka mpaka wajukuu wakapokea. Miaka yote hii, Sele, sie tunamtania mzee wetu na tumbo lake, kumbe alikuwa anakusitiri wewe!"

Akacheka kwa nguvu, halafu kicheko kikageuka, akalia. Nami nikalia, wazee wawili kwenye vumbi la mpingo, wateja wanatupisha. Mwanangu, nilidhani najua ukubwa wa kosa langu. Sikuwa najua. Yule mzee nilimkana mbele za watu, yeye akajidhalilisha mbele ya mkewe na wanawe ili nisichukiwe. Alitaka niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, wala hakutaka kunisemea.

Somoe alipojifuta machozi akasema, "Uweke huo wimbo." Nyumbani kwao uliacha kupigwa zamani, kwa sababu mzee akiusikia alikuwa anatoka nje. Mwanawe akautafuta kwenye simu. Tukausikiliza. Ulipofika pale pa kwanza, vyombo vikakata, na Somoe, bila ya kufundishwa na mtu, akapiga gogo la mpingo kwa kiganja: matatu mazito, manne mepesi. Bendi ikaingia. Ikaingia sawasawa, mwanangu! Haikupungua wala haikuzidi. Wachongaji wakasimamisha kazi. Pale pa pili akapiga tena, na pa tatu na wanawe wakapiga naye, na pa nne nikapiga na mie. Kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yale niliusikia wimbo wetu wenyewe ukiwa mzima.

Somoe akaniambia, "Umesema mbele yangu, sawa, mie nimekusamehe. Lakini baba alisema mbele za watu. Sie hapa Mwenge si watu, sie ni ndugu. Kamalize."

Wiki mbili baadaye Leila akarudi, peke yake, bila mpiga picha. Hakukaa. "Wamekataa, babu. Wanasema mkataba wa zamani wa studio unawatosha. Sahihi yako ilikuwa ya heshima tu."

"Kwa hiyo watachapa bila mie."

"Watachapa. Na maneno ni yaleyale."

"Waambie wachape," nikasema. "Picha yangu wasitie, na wakisema nilibuni chochote, wanasema wao, mie sijasema. Nami nitasema yangu."

"Utasemea wapi, babu?" Aliuliza kwa huruma, kama mtu anayemwuliza mtoto atalipeleka wapi jeshi lake. Sikumlaumu. Ni binti mwema, ana kazi yake, na kazi ina wenyewe. Nikamwambia penye sikio lolote nitasema. Msikitini, kwenye harusi, kwa kinyozi, kwenye mikusanyiko yenu ya santuri huko Kinondoni mkinialika, na kwenye karatasi hii. Wana mashine za kuchapa, na mie nina mdomo ambao umepuliza miaka hamsini na haujachoka. Tutaona nani atachoka.

Na mjomba alisema mbele za watu. Nyie ndio watu. Basi sikilizeni.

Mie Selemani, mtoto wa dada yake Nandonde, mzaliwa wa Newala, Mmakonde, nilimkana mjomba wangu mlangoni mwa studio, mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa wanacheka, kwa sababu niliona aibu na chale zake na moto wake. Hakuwa mbebaji wa vyombo. Wimbo ulikuwa wake. Mie sikubuni ukimya wowote. Yeyote atakayekuambia nilibuni, hata kama ameandika kwa herufi za dhahabu nyuma ya kava, mwambie mwenyewe amekataa.

Haya, nimesema. Sasa chukua nasaha zangu, mwanangu, ukazitumie au ukazitupe, hiari yako.

Santuri hizi zilizochapwa upya, nunua. Sikukatazi. Usimsikilize anayekuambia ni mambo ya wazee, na usimsikilize pia yule anayenunua kava apambe ukuta. Ukiishika, igeuze nyuma kabla hujaitazama mbele. Angalia majina. Bendi ya watu tisa ikiwa na jina moja, uliza wanane wako wapi. Ukiona hata mpiga manyanga ametajwa, hiyo beba, mwenye kuichapa ana utu. Uliza kama wazee wenyewe au watoto wao waliulizwa. Ile waliyoisafisha sauti mpaka husikii tena kiti kikiburuzwa wala mtu akikohoa, iache dukani. Watu walikuwemo mle ndani, wamefutwa. Na ukisikiliza, usisikilize kinachopigwa tu. Sikiliza na mahali pa mtu ambaye hayupo, kisha mtafute.

Ile ya kwetu ukikutana nayo, inunue hiyo pia. Sina ugomvi na wimbo. Lakini ukifika pale wanapopaita pa ujasiri, usigande na mguu juu kama tulivyofanya sie. Piga meza, matatu mazito, manne mepesi. Mgeni akikuuliza unafanya nini, mtajie jina: Nandonde.

Na wewe mwenyewe, kuna mtu aliyekubeba. Labda Kiswahili chake kinachekwa, labda usoni ana chale, labda anauza samaki Mbagala na harufu inamfuata. Iko siku utakuwa na watu wa maana, yeye atatokea mlangoni, na mmoja atakuuliza, huyu ni wenu? Hutapewa nafasi ya kufikiri. Jibu lako liandae leo. Sema ni wangu, kwa sauti, wacheke mpaka mbavu ziwaume. Na kama ulishakosea, usingoje mvi. Nenda ukaseme palepale ulipomkana, mbele ya walewale, angali ana masikio ya kukusikia, maana mie nasema leo na mwenyewe hanisikii.

Mola akupe umri mrefu kuliko aibu yako. Akukutanishe na waliokubeba wangali hai, akupe ulimi wa kuwataja kwa majina yao, na siku watakapofika mlangoni kwako, akujaalie uinuke mwenyewe ukawafungulie. Amina.